‘Mahitaji ya muuguzi’ si sifa za mwombaji kazi

Juma lililopita, mpwa wangu ambaye ni muuguzi alinijia na simu mkononi. Alikuwa amefungua tovuti ya hospitali moja humu nchini inayotafuta wauguzi, akachagua ukurasa wa Kiswahili. “Hebu soma, mjomba,” akaniambia. “Hawa wananitafuta ama wananitahini?”

Swali lake lilikuwa na mashiko. Ukurasa mzima ulimwita ‘mtahiniwa’. Kutahini ni kumpima mtu kwa mtihani, na mtahiniwa, kama kiambishi -w- cha kauli ya kutendwa kinavyodhihirisha, ni yule anayepimwa. Neno hilo linawafaa wanafunzi wa KCSE. Kiingereza hutumia neno moja kwa mtahiniwa, mgombea wa kiti cha kisiasa na mwombaji kazi. Sisi tunayo matatu, ila mfasiri aliokota la kwanza alilokutana nalo.

Kisha kuna kitufe kilichoandikwa ‘Tuma maombi’. Kisarufi hakuna kosa: ombi, maombi. Hata hivyo, kitufe husimama peke yake bila sentensi ya kukifafanua, na hiki kilikuwa chini ya picha ya mgonjwa aliyelala kitandani. “Mimi nilidhani wanataka tumwombee,” mpwa wangu akacheka. ‘Omba kazi hii’ lingetosha.

Kosa kubwa zaidi lilikuwa kwenye kichwa ‘Mahitaji ya muuguzi’. Chini yake pameorodheshwa diploma, leseni na tajriba ya miaka miwili. Hizo ni sifa zinazohitajika na hospitali. Kihusishi ‘ya’ humfanya muuguzi kuwa mwenye mahitaji, yaani mambo anayoyahitaji yeye. Nilipomweleza hivyo, mpwa wangu hakukawia: “Basi waniambie mshahara ni ngapi. Ni kandarasi ama ni ya kudumu? Wadi gani? Zamu za usiku ni ngapi kwa wiki?”

Hakuna hata swali moja kati ya hayo lililojibiwa. Hapo ndipo kosa la msamiati linapofichua pengo la maudhui. Mwandishi alijua hospitali inataka nini. Hakujiuliza anayeitwa anataka kujua nini. Kubadilisha kichwa kiwe ‘Sifa za mwombaji’ ni kazi ya dakika moja. Kuandika ‘Mahitaji ya muuguzi’ ya kweli, yenye mshahara, marupurupu na zamu, ndiko kungewavutia waombaji.

Wapo watakaosema kwamba wauguzi wetu husomea taaluma yao kwa Kiingereza, hivyo ukurasa wa Kiswahili ni pambo tu. Sikubaliani nao. Ibara ya 7 ya Katiba ya 2010 inakitambua Kiswahili kuwa lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Isitoshe, wagonjwa wengi hueleza maumivu yao kwa Kiswahili. Ajabu ni kwamba katika orodha ile ya sifa, umilisi wa Kiswahili haukutajwa popote.

Ushauri wangu ni mwepesi. Kabla ya kuchapisha ukurasa kama huo, hospitali impe muuguzi mmoja wa wadini ausome kwa sauti. Atakapocheka, pasahihishwe. Atakapouliza swali, pajibiwe.

Mpwa wangu alifunga ukurasa ule. Hakuomba kazi.