Mkasi wa Olmos: namna American Me ilivyolinyima genge utamu

Filamu za magenge zina ugonjwa wake wa miaka mingi. Mwongozaji anaapa kwamba anaonya, halafu anamvalisha muuaji suti ya kupendeza, anampa gari, anampa muziki wa kuingilia na maneno ya kukariri. Kijana anatoka ukumbini onyo limeshamtoka kichwani, suti imebaki.

Edward James Olmos alikuwa na kila sababu ya kuugua ugonjwa huo alipoongoza American Me, filamu iliyotoka Machi 1992. Ni mtoto wa East Los Angeles, mtaa wa Wachicano, yaani Wamarekani wenye asili ya Meksiko. Kilichomtoa ni Zoot Suit, tamthilia ya Luis Valdez, ambamo alicheza El Pachuco, kijana wa mjini mwenye koti refu na mikogo ya kutosha kujaza jukwaa zima. Wachache walijua kama yeye jinsi mikogo inavyouza. Sasa alikuwa anaongoza filamu kwa mara ya kwanza, na mhusika mkuu akimcheza mwenyewe: Montoya Santana, mwasisi wa genge linaloendesha biashara ya unga likiwa ndani ya gereza la Folsom, California. Mikogo yote akaitupa. Ninachotaka kukitazama hapa ni namna alivyoitupa, maana kwenye filamu nia njema peke yake haionekani, kinachoonekana ni picha na mkato.

Nianze na mkato, kwa sababu ndiko filamu hii ilikofanya kazi yake ngumu kuliko zote. Santana ametoka gerezani baada ya miaka 18. Aliingia akiwa kijana, ametoka mtu mzima anayeogopwa, lakini hajui kucheza muziki na hajawahi kulala na mwanamke. Anampata Julie, anayechezwa na Evelina Fernández, mama anayemlea mtoto wake peke yake. Usiku wao wa kwanza unaanza kwa upole. Wakati huohuo, kule gerezani, watu wa Santana wanamzunguka mtoto wa bosi mmoja wa Kiitaliano aliyekataa kugawana biashara. Wanambaka, kisha wanamuua.

Wahariri Arthur Coburn na Richard Candib wameyasuka matukio haya mawili pamoja. Mbinu yenyewe ni ya zamani. Kwenye The Godfather ya mwaka 1972, Michael Corleone yuko kanisani kwenye ubatizo huku mauaji yakifanyika sehemu nyingine, na mtazamaji anafurahia unafiki wake. Ukweli ni kwamba pale mkato unamtukuza Michael: yuko mahali pamoja, mkono wake unafika kila mahali. Olmos ameichukua mbinu ileile akaigeuza. Picha inavyoruka kutoka chumba cha Julie kwenda gerezani na kurudi, mwili wa Santana unaanza kufuata mwendo wa tukio la gerezani. Anamgeuza Julie kwa nguvu. Mapenzi anayoyajua ni yale aliyojifunza ndani ya kuta, na mtazamaji anaelewa hivyo bila mtu yeyote kufungua mdomo. Hapo bosi hana nguvu yoyote ya kuonea wivu. Kuna mtu aliyeharibika, na mwanamke anayejitoa mikononi mwake kwa hofu na hasira. Nawajua watu walioizima filamu hapo, na siwalaumu.

Mkato huo usingefanya kazi kama hatungeandaliwa mapema. Nusu saa ya mwanzo, Santana kijana, anayechezwa na Panchito Gómez, anabakwa usiku wake wa kwanza kwenye jela ya watoto. Papo hapo anamuua aliyembaka, na heshima yake yote ya baadaye inazaliwa hapo. Filamu nyingi zingetosheka na kisasi hicho na kupiga muziki wa ushindi. Hii inakitunza kidonda kwa muda mrefu, halafu inakifungua mbele ya Julie.

Ubunifu mwingine uko katika mpango wa nani anajua nini na lini. Filamu inaanzia Juni 1943, siku ambazo mabaharia wa Marekani waliwavamia vijana wa Kimeksiko mitaani Los Angeles, wakawapiga na kuwavua makoti yao marefu. Pedro na Esperanza, wazazi wa Santana kabla hajazaliwa, wanakutwa na kundi la mabaharia. Pedro anapigwa, Esperanza anabakwa. Sisi watazamaji tumeyaona yote hayo. Santana hajui chochote. Anakua nyumbani kwa baba anayemtazama kwa chuki, anaitafuta familia mtaani kwa wenzake Mundo na JD, na filamu inakaribia kumalizika ndipo baba anamweleza kwa nini hakuweza kumpenda. Kwa muda wote huo tumebeba siri ambayo mwenye nayo hana habari nayo, kwa hiyo hata Santana anapotoa amri kwa sauti ya kutisha, tunamwona mtoto asiyejua amezaliwaje. Ukitaka kumpunguza bosi, mjulishe mtazamaji mambo ambayo bosi mwenyewe hayajui.

Sasa tazama biashara ya unga. Mwongozaji mwingine angepiga picha ya mezani: pesa, mzani, sigara. Olmos na mpiga picha Reynaldo Villalobos wameufuata mzigo wenyewe kwa karibu. Kete zinaingia gerezani ndani ya mwili wa mgeni, zinahama kimyakimya kwenye chumba cha kuonana, zinaingia katika mwili wa mfungwa, zinatolewa kwa njia mnayoijua, zinafika kwa mteja. Uso wa tajiri hauonekani popote katika mlolongo huo. Ni vidole, vifuniko, choo na haraka. Kamera haikwepi na haikawii, inatazama kama nyapara anayehesabu sahani. Baada ya kuuona mlolongo ule, neno biashara halina tena sifa.

Folsom yenyewe imechangia. Gereza hilo lilifunguliwa mwaka 1880, kuta zake ni za mawe ya matale, na Olmos aliruhusiwa kupiga picha humo, wafungwa halisi wakiwa washiriki wa nyuma. Matokeo yanaonekana kwenye sura. Waigizaji wa kukodi huwa wanajua kamera iko wapi, lakini wale jamaa wa uwanjani wanajua tu askari magereza yuko wapi, na macho yao yanakwenda huko. Katikati yao Olmos anacheza kwa kutofanya lolote. Hapazi sauti, hatikisi mikono, uso umefungwa. Watu wengine wangeuita utulivu huo mikogo ya aina yake, na kwa dakika chache za Folsom ni kweli unavutia. Lakini akishatoka nje, utulivu uleule unageuka kilema: kwenye sherehe ya mtaani, wenzake wakicheza muziki, yeye amesimama kama amepigiliwa misumari. Uigizaji haujabadilika hata kidogo, mahali pamebadilika.

Kasoro zipo. Sauti ya Santana inayosimulia kutoka seli, akizungumza na Julie, mara nyingi inatuambia kwa lugha ya kishairi yale ambayo picha imeshayasema. Katikati, mambo ya Waitaliano, unga mbichi unaoua watu mtaani na ugomvi wa magenge yanapita mbio mno kwa filamu ya dakika 125. Julie naye amepewa kazi kubwa ya kuwa dhamiri ya mtu mwingine kuliko kuwa na maisha yake.

Uamuzi mzito kuliko yote, hata hivyo, uko katika kifo. Santana ameundwa kwa kumfuata kwa mbali Rodolfo Cadena, kiongozi wa Mexican Mafia, genge lililoanzishwa mwaka 1957 kwenye gereza la vijana la Deuel, mjini Tracy. Cadena aliuawa kwa visu Desemba 1972 katika gereza la Chino, na waliomuua walikuwa maadui, watu wa genge la Nuestra Familia. Filamu imebadilisha. Santana anapoanza kusita, watu wake mwenyewe wanamchoma visu na kumtupa kutoka ghorofa ya juu ya seli. Bila kupumzika tunaletewa mauaji mengine: Puppet, mmoja wa watu wa genge, anamnyonga mdogo wake wa damu ndani ya gari, kwa amri. Kihistoria kifo hicho cha Santana ni uongo. Kiusanifu ni sawa kabisa, kwani kifo mikononi mwa adui kingemfanya Santana shujaa aliyeanguka vitani, na genge lingebaki safi.

Watu wa Mexican Mafia wenyewe walilielewa hilo haraka. Tukio la kubakwa na lile la kuuawa na ndugu zake ndiyo yaliyowachoma zaidi. Mei 1992, miezi miwili baada ya filamu kutoka, mwanamke aliyekuwa mshauri wa filamu hiyo, aliyewahi kuishi maisha ya magenge kisha akafanya kazi ya kuyatuliza, aliuawa kwa risasi mjini Los Angeles. Hakuwa peke yake aliyeuawa, na Olmos mwenyewe alitishiwa. Mimi nikisifia mkasi, naisifia kazi ya mezani. Bei yake ililipwa na watu waliokuwa mtaani.

Mwaka uliofuata, Taylor Hackford alitoa Blood In Blood Out, filamu ya saa tatu iliyopigwa picha gereza la San Quentin. Floyd Mutrux ameandika muswada katika filamu zote mbili, na alama zake zinaonekana: kila moja ina mtu mwenye sura ya kizungu anayepanda hadi juu ya genge la Wachicano, na kila mmoja wao amepoteza mguu kwa risasi. JD wa Olmos na Miklo wa Hackford ni kama ndugu. Hackford aliyatungia magenge yake majina, La Onda na mengineyo, akaweka undugu wa vijana watatu wa ukoo mmoja katikati, michoro ya rangi, muziki wa kuinua moyo na mistari ambayo mashabiki wanaikariri hadi leo. Sokoni ilianguka ilipotoka, kisha kanda za video zikaifanya kipenzi cha mitaa mingi.

Nayo ni filamu nzuri, na inachangamsha kuliko ya Olmos. Ila Miklo utatamani kumwiga, kiti chake gerezani kinaonekana kama ushindi. American Me inafunga kwa mtoto aliyepewa bunduki ndani ya gari linalotembea, anafyatulia watu waliosimama njiani, basi, hakuna wimbo wa faraja. Ukitaka kuzilinganisha, anza na ya Hackford umalizie na ya Olmos, na watoto wawe wamelala. Kwa ufundi wa kuonya bila kutongoza, ya Olmos imeshinda.