Nadja: Jina Lililosomwa Kinyume

Jina Nadja ni jina Aidan lililosomwa kutoka mwisho kwenda mwanzo, herufi moja ikabadilishwa. Aidan Baker, mpiga gitaa wa Toronto, alilichagua mwaka 2003 alipoanzisha mradi wa muziki wa metali aliokuwa akiurekodi peke yake, na katika kulichagua aliikumbuka pia riwaya ya André Breton ya mwaka 1928 yenye jina hilohilo. Msomaji wa fasihi ana sababu ya kushtuka hapa. Katika riwaya ile Nadja ni mwanamke ambaye msimulizi anakutana naye katika mitaa ya Paris, anamsikiliza, anamstaajabia, kisha anaandika kitabu ambacho mwanamke huyo hapati nafasi ya kukijibu. Anaishia katika hospitali ya wagonjwa wa akili. Mradi wa Baker, basi, ulikuwa na jina la kike kabla ya kuwa na mwanamke ndani yake, na jina lenyewe lilikuwa kioo cha mwanamume.

Mwaka 2005 Leah Buckareff, mkewe Baker, aliingia na gitaa la besi. Sababu iliyo wazi ilikuwa ya kiutendaji: muziki uliotengenezwa na mtu mmoja kwa kupandanisha tabaka juu ya tabaka ulihitaji mtu wa pili ili upandishwe jukwaani. Kutokana na sababu hiyo imezaliwa tabia ya kumsimulia Buckareff kama msaidizi, mke aliyekuja kushika upande mmoja wa mzigo. Tabia hiyo ni usikilizaji mbaya, na ushahidi wa kuipinga umo katika rekodi zenyewe.

Muziki wa Nadja huenda pole kupita kiasi. Pigo moja la ngoma, ambalo hutoka kwenye mashine, huachwa lififie karibu kwisha kabla ya pigo jingine kufika. Gitaa limekwaruzwa hadi halisikiki tena kama nyuzi. Sauti ya mwimbaji imezikwa chini, karibu na mnong'ono. *Truth Becomes Death* ya mwaka 2005 ina nyimbo tatu tu. *Thaumogenesis* ya mwaka 2007 ni wimbo mmoja unaopita saa nzima. Katika muziki wa namna hii besi haiwezi kuwa pambo. Gitaa la Baker hutawanyika na kupoteza umbo, na kinachomwambia msikilizaji kwamba wimbo bado unakwenda mahali fulani ni ile noti ya chini inayohama polepole. Ukiiondoa, unabaki na ukungu.

Ndiyo maana albamu ya kuanza nayo ni *Touched*. Baker aliirekodi mara ya kwanza mwaka 2003, peke yake. Mwaka 2007 ilitoka upya kupitia Alien8, lebo ya Montreal, ikiwa imerekodiwa tena yote na wawili hao. Kazi nyingine za mwanzo nazo zilirudiwa hivyohivyo. Wanamuziki wengi hurudia rekodi za zamani ili kusafisha makosa ya ujana. Hapa kilichosahihishwa ni idadi ya watu. Nyimbo ni zilezile, lakini uzito umehama: zile zilizokuwa zimeninginia hewani sasa zimekanyaga ardhi. Msomaji wa Kiswahili, aliyezoea utenzi mmoja katika miswada inayotofautiana, hatapata taabu kulielewa jambo hili. Nakala ya pili haifuti ya kwanza, ila huonyesha ni nani mwingine aliyeushika mswada. Taarabu nayo imeishi muda mrefu na swali la mwenye wimbo, kwa kuwa mtunzi wa shairi, mtia muziki na mwimbaji mara nyingi ni watu tofauti, na msikilizaji humkumbuka mwimbaji.

Upande wa uchumi pia una neno la kusema. Toronto ya leo iliundwa mwaka 1998 kwa kuunganisha manispaa sita, Etobicoke ikiwa ile ya magharibi, ambako familia nyingi zenye asili ya Somalia na sehemu nyingine za Afrika Mashariki zinaishi katika maghorofa ya barabara ya Dixon. Anayekaa ghorofani anajua bei ya kelele: jirani hugonga ukuta. Mashine ya ngoma, gitaa mbili na pedali za kubadili sauti ni metali inayoweza kuishi katika mji wa namna hiyo, maana haidai chumba cha mazoezi wala mshahara wa mpiga ngoma. Wawili hawa wana lebo yao wenyewe, Broken Spine, yaani mgongo uliovunjika. Na kwa kuwa Buckareff ni fundi wa kujalidi vitabu, jina hilo linacheza na mgongo wa kitabu pia. Baadaye walihamia Berlin, na mradi ukahama nao bila kupoteza kitu. Kundi la watu watano lisingeweza.

Uhuru huo una gharama, nayo inasikika. Orodha ya kazi za Nadja ni ndefu mno. Nyumba ambamo mtunzi, mpigaji na mchapishaji wanakula meza moja haina mhariri wa kusema hapana, na zipo albamu za miaka ya katikati ambazo hazikuongeza chochote juu ya zilizotangulia. Hata albamu ya mwaka 2009 ya nyimbo za wengine, inayowaweka Slayer na a-ha katika mwendo uleule wa kobe, hufurahisha kama utani na hujirudia kama utani.

Ulinganisho wa karibu na kwetu ni Duma, kundi la Nairobi la Martin Kanja na Sam Karugu, lililotoa albamu yake mwaka 2020 kupitia Nyege Nyege Tapes ya Kampala. Nalo lilikuwa la watu wawili na mashine, ingawa mwendo wake ni wa kasi ya kutisha. Kanja alitoka baadaye na albamu yake binafsi, *The Adept*, mwaka 2024. Kule wawili walimtoa mmoja. Toronto mmoja aliwapokea wawili, na kazi ngumu zaidi ni hii ya pili, kwa sababu anayepokea hulazimika kuacha kitu chake kisikike tofauti.

Katika *Luminous Rot*, iliyotolewa na Southern Lord mwaka 2021, nyimbo zimefupika na ngoma zimepata pumzi. Besi iko mbele kabisa. Mwimbaji bado ananong'ona, lakini sasa ni wazi kwamba ananong'ona juu ya kitu kinachoshikiliwa na mtu mwingine.