Juu ya Vitabu vya Kujifunzia Kiitaliano

Kwetu Sepuka, katika mkoa wa Singida, mtu atakaye kujifunza Kiitaliano si wa kustaajabiwa. Hospitali ya Mtakatifu Gaspari ya Itigi, iliyo katika mkoa huu huu, ilianzishwa na Wamisionari wa Damu Azizi waliotoka Italia. Tena wako vijana wanaokwenda Roma kusoma. Lakini vitabu vya lugha hiyo wanavyovipata kwa kawaida vimeandikwa kwa Kiingereza, kwa ajili ya msomaji Mwingereza. Juu ya vitabu hivyo nina neno.

Kitabu cha namna hii humdhania msomaji kuwa hajui upatanisho wa maneno. Humweleza kwa urefu kwamba libro, yaani kitabu, ni jina la kiume, na casa, yaani nyumba, ni la kike, kisha humtuliza asishangae. Nani kwetu atashangaa? Mtoto wa shule asemaye kitabu kipya, vitabu vipya, hakumwuliza mwalimu sababu ya ki- na vi-. Yatosha aambiwe kwamba Mwitaliano huweka mwishoni alama tunayoiweka sisi mwanzoni: libro nuovo, libri nuovi, casa nuova, case nuove. Kadhalika tendo: parlo ni neno moja lenye msemaji ndani yake, kama nasema. Aliyefundishwa kwa Kiingereza hutanguliza io kila mara, akasikika kama mtu asemaye mimi nasema, mimi nakwenda, mimi nakula.

Penye shimo letu wenyewe, kitabu hupita kimya. Sisi husema kipofu amefika, wala si kimefika, maana uhai wa mtu hushinda ngeli ya jina. Mwitaliano hafanyi hivyo sikuzote. Mlinzi ni la guardia, jina la kike, hata akiwa mwanamume mwenye ndevu. Husemwa la guardia è arrivata. Mtu wetu atasema arrivato kwa kufuata akili ya lugha yake, wala hakuonywa, kwa kuwa mtunzi wa kitabu hakumjua kipofu wetu.

Hasara iliyo kubwa zaidi ni katika mazungumzo ya kila siku. Mwitaliano aingiapo nyumbani kwa mtu husema permesso?, na mwenye nyumba hujibu avanti! Msomaji, hiyo ni hodi na karibu. Kiingereza hakina neno la hodi, basi kitabu hulifasiri permesso kwa neno la kuomba radhi, na kijana wetu hulipokea kama samahani. Amepewa jiwe mahali pa mkate, na mkate alikuwa nao kwao! Vivyo hivyo buon lavoro, aambiwalo mtu aliye kazini: ni kazi njema, ingawa si pole na kazi, maana Mwitaliano humtakia heri, hampi pole.

Ciao nalo lataka uangalifu. Asili yake ni Venezia, na maana yake ya kwanza ni mtumwa wako; lakini unyenyekevu ule umekwisha, sasa ni la marafiki na jamaa. Huko Malindi, walikozidi Waitaliano tangu miaka ya 1960, zama za kurushwa roketi baharini karibu na Ngomeni, limeenea sana. Kijana alizoeaye pwani, akamwamkia nalo daktari mzee, amemfanya mzee rika lake na shikamoo ameiacha mlangoni. Kwa mzee husemwa buongiorno, na come sta?, si come stai?; huitwa Lei, neno lile lile la yeye wa kike, ajapokuwa mwanamume.

Waitaliano wenyewe hawakutujia kwa mzunguko. Wamisionari wa Consolata walifika Iringa mwaka 1919, na mmoja wa shirika hilo, Vittorio Merlo Pick, alitunga kamusi ya Kiswahili na Kiitaliano. Huko Napoli, Elena Bertoncini Zúbková, mwalimu wa chuo kikuu, aliwaandikia wanafunzi wake Kiswahili kwa furaha. Kamusi ile yatufaa nasi kwa upande wake wa pili, ila kamusi si sarufi. Sarufi ya Kiitaliano iliyoanzia katika Kiswahili ndiyo nitakayo.

Mtunzi wake asipoteze karatasi kwa vokali. Mnyaturu anazo saba katika lugha yake, na sikio lake limekwisha kuzoea kupambanua zaidi ya tano. Pesca ya kuvua samaki na pesca ya tunda atazitenga upesi kuliko wengi. Aweke nguvu katika konsonanti zilizorudiwa. Nonno ni babu, nono ni wa tisa. Cappello ni kofia, capello ni unywele. Na n iliyorudiwa katika nonno si kama n ya kwanza ya nne, ambayo ni silabi peke yake. Hukazwa na kushikwa kidogo, ndipo huachiwa. Mwanafunzi aseme maneno hayo mawili mawili kwa sauti, mwenzake amepa kisogo, akitaja lipi amesikia.