Kaala: filamu niliyoihukumu bila kuiona

Kaala niliitazama mara ya kwanza kwenye simu, nakala ya wizi iliyorekodiwa ndani ya jumba la sinema. Kichwa cha mtu kikapita mbele ya Rajinikanth, mtoto akalia, picha nzima ya kijivujivu. Nikaimaliza, nikawaambia wenzangu, "Ya kawaida tu." Baadaye nikaiona nakala halali kwenye skrini kubwa. Jamani, kumbe nilikuwa sijaiona kabisa.

Filamu hii ya Kitamil ya Pa. Ranjith, ya mwaka 2018, inahusu wakazi wa Dharavi, mtaa wa mabanda jijini Mumbai, wanaotetea ardhi yao. Hoja yake imebebwa na rangi. Karikaalan, mzee wa mtaa, huvaa nguo nyeusi. Hari Dada, anayetaka kuwafurusha, huvaa nyeupe. Weupe tuliozoea kuuita usafi hapa unatisha. Weusi ni rangi ya kazi na jasho. Mwishoni unga wa rangi unarushwa hewani: mweusi, mwekundu, kisha wa buluu, rangi ya wafuasi wa Ambedkar, mtetezi wa Wadalit. Kwenye nakala yangu ya wizi yote hayo yalikuwa ukungu mmoja.

Tukizungumzia uharamia wa mtandaoni huwa tunahesabu pesa tu. Pesa zinapotea kweli. Kaala hiyohiyo ilirushwa mubashara Facebook kutoka ukumbi mmoja wa Singapore, na aliyeirusha akakamatwa. Mwaka huohuo Mahakama Kuu ya Madras iliagiza tovuti zaidi ya 12,000 zifungwe ili kuilinda 2.0, nayo Rajinikanth yumo. Ikavuja siku ileile ya kutoka. Lakini filamu ya Rajinikanth itajaza kumbi hata ikivuja. Filamu ndogo isiyo na nyota inategemea siku chache za mwanzo; ikivuja Ijumaa, Jumatatu haina ukumbi.

Utasema, mkazi wa Dharavi atapata wapi nauli na tiketi kila wiki? Na sisi huku, filamu za Kitamil tutazionea wapi? Swali la haki kabisa. Mwongozaji Cheran alijaribu kulijibu mwaka 2015: aliitoa filamu yake moja kwa moja kwenye DVD halali za bei nafuu, zimfuate mtazamaji nyumbani. Huyo alielewa kwamba kumfungia mtu mlango hakutoshi, mfungulie mwingine.

Ila mimi sikuwa na kisingizio hicho. Bando nilikuwa nalo, haraka ndiyo iliyoniponza. Nikatoa hukumu, watu wakaniamini, na pengine wapo walioiacha filamu kwa sababu yangu. Basi naomba jambo moja kwetu tunaoandika uhakiki: kabla hujasema filamu ni mbovu, tuambie kwanza uliona nakala gani. Mimi yangu nimeshasema.