Bodi ya Mwalimu Haikuwa Spea

Uamuzi mbaya kuliko yote uliofanywa na mafundi wa kompyuta wa Nairobi mwaka 2020 haukuwa kufunga duka, wala kupandisha bei, wala kuwarudisha vijana wa kazi kwao. Ulikuwa ni kunyoosha mkono hadi rafu ya juu, ile yenye laptopu za wateja ambao hawajarudi, na kuanza kuzichuna. Nasema mapema pasiwe na shaka: lilikuwa kosa siku ile, ni kosa leo, na hakuna kodi ya chumba wala kafyu inayoweza kulihalalisha. Mengine yote ya msimu ule yanajadilika.

Mliokuwa Luthuli na River Road mnakumbuka hali ilivyokuwa. Kafyu ya korona ilianza Machi 27, saa moja jioni, na kwa kuwa matatu ya abiria 14 ilikuwa inabeba 8 tu, duka lilifungwa mapema ili fundi afike Kayole au Githurai kabla ya saa ya kukamatwa. Ndege za abiria kutoka nje zilikuwa zimesimamishwa tangu Machi 25, na matumboni mwa ndege hizo ndimo mlimokuwa mkija vifurushi vidogo vya spea kutoka Guangzhou na Shenzhen. Wateja wa mkataba waliyeyuka: shule zimefungwa, saibakafe hazina mtu, hoteli zimezima taa. Serikali ilishusha VAT kutoka asilimia 16 hadi 14 na kodi ya mauzo kutoka 3 hadi 1, lakini punguzo la kodi ya mauzo halimfai asiyeuza. Aliyebaki ni mteja mmoja mmoja ambaye mwajiri wake amemwambia afanyie kazi nyumbani, mashine imegoma, na anaitaka kesho.

Kisa nilichokishuhudia, kwenye kaunta ambayo sitaitaja, kilihusu EliteBook 840 G1 mbili. Ya kwanza ililetwa Mei na mhasibu. Imekufa kabisa, ukichomeka chaja, taa ya chaja inazimika papo hapo. Ya pili ilikuwa rafuni tangu Machi. Ilikuwa ya mwalimu wa Nyeri, bawaba za skrini zilikwisha kurekebishwa, ikimsubiri mwenyewe na salio la malipo. Fundi aliitazama ya mhasibu, akasema bodi imekufa. Hakushika mita. Akafungua ya mwalimu, akang'oa bodi, akaifunga kwenye mashine ya mhasibu. Haikuchukua hata saa moja. Pesa ikaingia kwa M-Pesa, mhasibu akaondoka akishukuru, na laptopu ya mwalimu ikarudi rafuni ikiwa ganda.

Tukae hapa kwanza, kwa sababu hata ukiweka kando haki ya mwalimu, kazi yenyewe ilikuwa mbovu. "Bodi imekufa" si jibu la fundi. Taa ya chaja kuzimika ni dalili ambayo mwanagenzi hufundishwa mwanzo kabisa: yaelekea kuna shoti kwenye laini kuu ya volti 19. Unatoa betri. Unaweka mita kwenye ohmu, ncha moja kwenye ardhi ya bodi, nyingine kwenye laini hiyo. Ikisoma karibu na sifuri, shoti unayo mkononi. Unapima upande huu na upande wa pili wa mosfeti za kuingizia umeme ili ujue shoti iko kabla yake au baada yake. Halafu unachukua pawasaplai ya mezani, unaiweka volti 1 na ampea zenye kikomo, unaingiza umeme huo kwenye laini ile ile, na unapaka spiriti juu ya bodi. Pale spiriti inapokauka kwanza ndipo penye joto, na penye joto ndipo penye shoti. Mara nyingi ni kapasita moja ya kauri, ndogo kuliko punje ya mchele. Ukiing'oa, mita inapanda. Laini ile ina kapasita kadhaa zilizopangwa sambamba, kwa hiyo mashine huwaka bila hiyo moja hadi utakapopata ya kuirudishia kutoka kwenye mzoga wowote ulioununua mwenyewe.

Nioneshwe ni hatua ipi kati ya hizo inayosubiri ndege. Mita ipo, spiriti ipo, pawasaplai ipo kwenye meza ya jirani kama wewe huna. Msimu usio na spea ulikuwa ndio msimu wa fundi anayepima. Soko zima lilikuwa limenyamaza, mtu ana saa tatu za kukaa na bodi moja bila kusumbuliwa, na mteja yuko tayari kulipa kwa sababu kazi yake inategemea mashine hiyo. Badala ya kupima, mafundi wetu wakabadilisha bodi kwa bodi, kama walivyozoea wakati vifurushi vilipokuwa vinashuka kila wiki. Tofauti ni kwamba safari hii bodi haikutoka Shenzhen. Ilitoka kwa mwalimu.

Utetezi nimeusikia mara nyingi, na hubadilika kidogo tu: mashine imekaa, mwenyewe hajulikani aliko, mwenye nyumba anadai. Tuanze na la mwenyewe kutojulikana aliko. Alijulikana. Alikuwa Nyeri, na kuanzia Aprili 6 serikali ilipiga marufuku kuingia na kutoka katika eneo la jiji la Nairobi. Marufuku hayo yaliondolewa Julai 7. Kwa miezi mitatu mwalimu yule alizuiwa na sheria kuifuata mali yake, na fundi alilijua hilo kama alivyolijua kila Mkenya mwenye redio. Huwezi kuhesabu siku za mtu aliyezuiwa na kizuizi cha polisi ukaziita siku za kutelekeza.

Na hata mali ikitelekezwa kweli, njia yake ipo miaka mingi. Kuna sheria ya mali isiyochukuliwa, Sura ya 38 ya Sheria za Kenya, iliyotungwa kwa ajili ya watu kama sisi tunaopokea vitu vya kutengeneza. Fungua Gazeti Rasmi la Serikali utakuta matangazo yake: gereji fulani inamtaka mwenye gari fulani alilipie na kulichukua katika siku 30, la sivyo litauzwa. Kwanza mwenyewe anaarifiwa. Kisha kitu kinauzwa kikiwa kitu kizima, kwa uwazi, na hesabu inaonekana. Sheria hiyo haina mahali inapomruhusu fundi kufungua skurubu jioni na kutoa anachokihitaji.

Tazama pia kilichobaki ndani ya zile mashine mbili. Namba iliyoandikwa kwenye baiosi ya laptopu ya mhasibu sasa ni ya mwalimu. Kibandiko cha chini ni cha mhasibu. Siku mwalimu akipiga ripoti polisi na namba ikatafutwa, anayekutwa na mali ya wizi ni mhasibu, mtu aliyelipa kila senti aliyoambiwa. Chipu ya TPM nayo imekaa kwenye bodi. Kama diski ya mwalimu ilikuwa imefungwa kwa BitLocker, funguo zake zimeondoka na bodi, na asipokuwa na ile namba ndefu ya kuifungulia, mitihani na alama za wanafunzi wake zimekwenda. Wako waliokwenda mbali zaidi wakachukua na diski za SSD, wakazifuta juu juu na kumfungia mteja mwingine. Sheria ya Ulinzi wa Data ilikuwa imeanza kutumika Novemba 2019. Ni kweli Kamishna wa Data, Immaculate Kassait, aliapishwa mwaka mmoja baadaye, Novemba 2020, kwa hiyo Mei hiyo hapakuwa na ofisi ya kupeleka lalamiko. Sheria ilikuwa sheria hata hivyo, na picha za familia ya mtu si spea.

Mnaosema hapakuwa na njia nyingine, nawakumbusha mgao wa umeme wa mwaka 2000. Ukame ulikausha mabwawa, stima ikawa ya saa chache, na fundi wa redio na televisheni alikaa mchana kutwa na ayani baridi. Mafundi wale walihamia usiku. Umeme ukirudi saa nne usiku, ndipo kazi inaanza. Kila seti ilikuwa na utepe wa karatasi mgongoni wenye jina, tarehe na kasoro, na nakala yake ilibaki kwenye kitabu cha risiti. Kipuri kibovu kilichotolewa kilitiwa kwenye bahasha na kurudishwa kwa mwenyewe pamoja na seti, aone kwa macho yake alicholipia. Sikumbuki mmoja wao aliyechuna televisheni ya Wanjiku ili aiwashe ya Otieno, na walikuwa na njaa kama mafundi wa 2020.

Waliowafuata walikuwa wa namna hiyo hiyo. Dell OptiPlex GX270 zilipoanza kufa moja baada ya nyingine, kapasita zimevimba vichwa, kampuni yenyewe ilitenga dola milioni 300 mwaka 2005 kwa ajili ya tatizo lile. Huku kwetu mafundi waling'oa kapasita mbovu moja moja, wakaweka mpya, na mashine hizo zikaendelea kufanya kazi kwenye maabara za shule kwa miaka. Hawakuwa na michoro ya bodi kwenye simu kama vijana wa leo. Walikuwa na mita na subira.

Kilichotuharibu nakijua, na nimekuwa nikikisema tangu enzi za blowa, ile mashine ya hewa ya moto. Mwaka 2008 Nvidia ilitangaza kutenga kati ya dola milioni 150 na 200 kwa ajili ya chipu zake zilizokuwa zikifa ndani ya laptopu, na HP dv6000 na dv9000 zikajaa kwenye kaunta zetu. Mtu akagundua kwamba ukiipiga chipu joto inawaka. Inawaka kweli, wiki chache, kisha inarudi kuzima, kwa sababu kasoro iko ndani ya chipu na joto haliitengenezi. Lakini pesa ilikwisha kulipwa. Kizazi kizima kikajifunza kwamba kuwaka mbele ya mteja ndiyo kazi, na kinachotokea baadaye ni bahati mbaya ya mteja. Mwaka 2020, spea zilipokauka, blowa zikatolewa tena makabatini na chipu zikaanza kupigwa joto upya. Anayechuna rafu ya juu na anayepiga chipu joto ni fundi mmoja.

Ndugu wa tabia hiyo ni kile kibao cha "kupima ni bure" kilichoko kwenye kila mlango wa Luthuli. Upimaji ukiwa bure, hakuna atakayeufanya. Fundi anayelipwa kwa kubadilisha tu atabadilisha tu, na siku akikosa cha kubadilishia atakitafuta popote. Yule wa kaunta niliyoisema hakuwa mjinga. Alijua kutumia mita. Lakini saa mbili za mita hazikuwa na bei kwenye ukuta wake, na bodi ilikuwa nayo. Ningemwambia mwenye duka yeyote leo aanze na hilo kabla ya kununua mashine nyingine ya kulehemu: ada ya upimaji, ilipwe kwanza, irudi kwenye hesabu mteja akikubali kutengenezewa.

Msimu ule wa 2020, waliohamishia benchi nyumbani, waliotumia bodaboda kuchukua na kurudisha mashine, waliotatua matatizo ya programu kwa AnyDesk, walifanya vizuri. Vivyo hivyo wale waliokumbuka kwamba Windows 7 iliachwa na Microsoft Januari 14 mwaka huo huo, wakawapigia wateja wao wa zamani kuwawekea SSD na kuwahamishia Windows 10.

Julai barabara zilipofunguliwa, mwalimu alifika na salio lake mfukoni. Akaambiwa bodi iliungua stima ilipopotea na kurudi. Hakuwa na namna ya kubisha. Hakuna kadi ya kazi iliyoandikwa mashine iliingia ikiwa na nini ndani, hakuna namba ya bodi kwenye risiti, hakuna bahasha.

Sasa tuseme bodi ya mhasibu ilikuwa imeharibika kupita kutengenezeka, na bodi pekee mjini ilikuwa ile ya rafuni. Namba ya simu ya mwalimu ilikuwa kwenye daftari. "Habari ya huko, mwalimu. Kuna mteja anahitaji mashine kama yako haraka. Nikupe kiasi fulani leo, au nikuuzie yote nikutumie pesa?" Simu ya dakika mbili. Tangu katikati ya Machi M-Pesa ilikuwa imeondoa ada kwa kutuma hadi shilingi 1,000, na kiwango cha muamala mmoja kilipandishwa hadi shilingi 150,000, kwa hiyo mkataba wote ungeweza kumalizika bila mtu yeyote kuvuka kizuizi. Mwalimu wa shule iliyofungwa huenda angeihitaji hiyo pesa kuliko laptopu. Na kama angekataa, mashine yake ingebaki rafuni ikiwa nzima, na mhasibu angeambiwa asubiri, kisha fundi angeshika mita.