Kamba ya Mita Mbili, Ukuta wa Mita Tatu

Kuanzia Chamazi na Mbande upande wa Temeke hadi Bunju na Mabwepande upande wa Kinondoni, jijini Dar es Salaam, asubuhi haipiti bila kusikika nyundo juu ya bati. Nyumba nyingi ni za chini: vyumba vitatu, sebule, kibaraza. Fundi anayepaua anatembea juu ya papi na misumari mdomoni, saidia fundi anampandishia mbao kutoka chini, na mwenye nyumba amejisitiri kwenye kivuli cha mwembe akihesabu bati. Siku hizi wako mafundi walioanza kuvaa hanesi, ule mkanda wa mwili mzima unaopita mabegani, kifuani na mapajani. Ni hatua nzuri. Ila ukiitazama kamba inayoning'inia mgongoni mwa fundi, kisha ukautazama ukuta wenyewe, hesabu inakataa.

Hesabu hiyo haihitaji kalamu ya mhandisi. Kozi kumi na moja za matofali ya saruji, pamoja na lenta, zinafika karibu mita 3 kutoka ardhini. Kilele cha kenchi kinaongeza mita 2, pengine pungufu, kwa hiyo aliye juu kabisa ya paa yuko mita 5. Sasa tazama kifaa. Kamba ya kawaida inayouzwa na hanesi ina urefu wa mita 2 na imeunganishwa na kifyonza mshtuko, yaani kifurushi cha utepe uliokunjwa na kushonwa. Utepe huo ukivutwa ghafla, mishono yake inaachia moja baada ya nyingine na kumpunguza kasi anayeanguka. Viwango vya Ulaya vinaruhusu ufunguke hadi mita 1.75. Kutoka pete ya mgongoni hadi nyayoni ni mita 1.5 hivi. Weka na mita 1 ya tahadhari. Jumla inakuja mita 6.25, zikipimwa kwenda chini kutoka pale kamba ilipofungwa.

Paa zima lina mita 5. Fundi aliyefunga kamba kwenye mbao iliyo usawa wa miguu yake pale ukingoni, mita 3 kutoka chini, atakuwa amefika ardhini kabla kamba haijakaza. Hanesi yake inaweza kuwa mpya kabisa, ya kiwango kinachokubalika, imefungwa barabara mapajani, na bado isimsaidie chochote.

Mita 3 hazimtishi mtu anayezitazama akiwa chini. Anayeanguka anazimaliza kwa sekunde 0.8 na kugonga ardhi kwa kasi ya kilomita 28 kwa saa. Kutoka mita 5 anatumia sekunde moja, na kasi inafika kilomita 36. Ni mwendo wa bodaboda barabarani, isipokuwa hapa hakuna breki na mara nyingi kinachotangulia ni kichwa au mgongo.

Kuna wanaojibu kwamba wao wana kamba yao ya manila, wanaifunga kiunoni na maisha yanaendelea. Hapa fizikia ni kali zaidi. Mtu wa kilo 80 akishuka mita 2 kisha akasimamishwa ndani ya sentimita 20 tu, kwa sababu kamba haina kifyonza mshtuko, mwili wake unapokea kwa wastani nguvu inayolingana na uzito wa kilo 880. Akisimamishwa ndani ya mita 1, nguvu hiyo inashuka hadi kilo 240 hivi. Tofauti yote iko kwenye umbali wa kusimama. Na nguvu hiyo ikikusanyika kiunoni badala ya kugawanywa mapajani na mabegani, inabana figo, matumbo na uti wa mgongo kwa pamoja, au mtu anachomoka kwenye kitanzi kichwa chini. Marekani ilikataza mkanda wa kiunoni kutumika kama kifaa cha kumkamata anayeanguka kuanzia tarehe 1 Januari 1998. Mkanda wa kiuno una kazi yake halali, lakini si hiyo.

Kazi yake halali inaonekana kwenye nguzo za umeme. Fundi wa laini aliyepanda nguzo ya mti anaizungusha nguzo kwa mkanda, anaegemea nyuma, na mikono yake yote miwili inakuwa huru kushika koleo na nyaya. Mkanda huo unamweka mahali pake tu. Kiatu chake cha kupandia kikichomoka kwenye mti, anaweza kuteleza na mkanda wake hadi chini, akiikumbatia nguzo. Ndiyo maana kazi hiyo ikifanywa sawasawa inahitaji kamba ya pili, inayobana nguzo mguu unapoteleza au iliyofungwa juu ya kichwa. Kifaa cha kumweka mtu mahali na kifaa cha kumkamata akianguka vinafanana dukani. Juu ya nguzo havifanani hata kidogo.

Turudi kwenye paa la Chamazi. Kama hakuna nafasi ya kumkamata mtu, lililobaki ni kumzuia asifike mahali pa kuanguka. Kamba inarushwa juu ya kilele na kufungwa upande wa pili wa nyumba, kwenye nguzo ya zege au mti mzima wenye mizizi imara. Fundi anajiunganisha nayo kwa kishikio kinachoteleza juu ya kamba na kujifunga mahali anapotaka. Urefu unapimwa kabla ya kazi: mkono ufike kwenye mbao ya mwisho ya ukingo, lakini kiwiliwili kisiweze kuuvuka. Akiteleza, anateleza juu ya bati na kusimama hapo hapo. Hakuna mita 6.25 za kutafuta.

Mbinu hii ina udhaifu wake, nao usifichwe. Fundi akitembea kando, mbali na mstari wa kamba, kona ya paa inaanza kumfikia: kamba iliyokuwa fupi ya kutosha kwenda mbele inakuwa ndefu kwenda pembeni, na akianguka hapo atabembea hadi ukutani. Inabidi kamba ihamishwe kila baada ya safu chache za bati. Tena isifungwe kwenye gari lililoegeshwa nyuma ya nyumba, hata kama ni lori. Dereva akipigiwa simu asogeze gari, hatakumbuka kutazama juu.

Lipo pia anguko ambalo kamba ya ukingoni hailigusi: la ndani. Kabla bati halijapigwa, fundi anavuka kutoka kenchi moja hadi nyingine, na chini yake kuna sakafu ya zege, au kifusi na vipande vya tofali. Kwa hatari hii jibu zuri linaanzia chini. Kenchi ikiungwa ardhini, ikapigiliwa na kukaguliwa ikiwa imelala, kisha ikapandishwa nzima, saa kadhaa za kazi ya juu zimefutwa kabisa. Uingereza imeuandika mpangilio huo kwenye kanuni zake za kazi za juu za mwaka 2005: kwanza epuka kupanda; ikishindikana, zuia kuanguka; ikishindikana hiyo nayo, punguza umbali na madhara ya kuanguka. Hanesi inayokamata iko mwisho wa foleni hiyo. Na hata Uingereza kwenyewe, katika mwaka ulioishia Machi 2024, watu 50 kati ya 138 waliokufa kwenye ajali za kazini walianguka kutoka juu.

Jukwaa linakaa mbele ya hanesi kwenye foleni. Mafundi wetu wanalijua. Wanalijenga kwa mirunda na mbao kila wanapopiga ripu. Ajabu ni kwamba ripu ikiisha linabomolewa, na kwenye kupaua halirudi. Jukwaa lililozungushwa usawa wa ukingo wa paa, likiwa na kizuizi cha mbao mita 1 hivi juu ya sakafu yake, linamlinda fundi, msaidizi na hata mwenye nyumba anayepanda kuchungulia, bila yeyote kati yao kukumbuka kufunga ndoano. Gharama yake ni mirunda ya ziada na siku ya kazi. Kwa nyumba ya chini, pesa inayokwenda kwenye hanesi ya pili ingekuwa imefanya kazi kubwa zaidi kwenye jukwaa.

Panapohitajika kukamata kweli, kwa mfano kwenye mnara wa matenki ya maji, ghorofa au bango la matangazo, swali linahama kutoka kwenye kamba hadi kwenye kishikizo, yaani pale kamba inapofungwa. Kanuni za Marekani zinataka kishikizo kibebe pauni 5,000 kwa kila mtu, sawa na kilo 2,270 hivi. Kenchi moja ya mbao za mbili kwa nne, ambayo bado haijaungwa na nyingine, haifiki huko. Bomba la maji halifiki. Reli ya ngazi iliyochomelewa kwa haraka nayo usiiamini.

Somo la kishikizo na mzigo liliandikwa kwa damu huko San Francisco. Wakati wa kujenga Daraja la Golden Gate, mhandisi mkuu Joseph Strauss alitandaza wavu chini ya sakafu ya daraja, na watu 19 waliodondokea humo walitoka hai. Tarehe 17 Februari 1937 jukwaa zito la kazi lilichomoka na kuangukia wavu huo huo. Wavu ulikuwa wa kunasa watu, haukuwa wa kubeba jukwaa. Ulichanika, na wafanyakazi 10 walikufa.

Ukaguzi wa hanesi yenyewe unachukua dakika chache na unafanywa kwa vidole kuliko kwa macho. Utepe unakunjwa umbo la herufi U, unapitishwa mkononi inchi kwa inchi, ili nyuzi zilizokatika zijitokeze mgongoni mwa mkunjo. Mishono inatazamwa, hasa pale pete ya mgongoni inaposhikiliwa. Sehemu iliyokakamaa kwa saruji au rangi ni ya kutilia shaka, na vivyo hivyo rangi iliyopauka, kwa kuwa jua linaila poliesta na nailoni taratibu, na Dar es Salaam jua halina likizo. Kwa wanaofanya kazi karibu na bahari, Kunduchi au Kigamboni, chumvi inashughulika na springi ya ndoano. Ndoano isiyojifunga yenyewe ikiachiwa imeshakufa. Kifyonza mshtuko kilichofunguka hata kidogo kinatupwa. Lebo ikiwa imefutika, hakuna anayejua kifaa kilitengenezwa lini wala kwa kiwango gani, jambo linalofanya hanesi za mtumba ziwe biashara mbaya hata bei ikiwa ya kutupa.

Halafu kuna suala ambalo hata kwenye miradi yenye vifaa kamili halizungumzwi sana: aliyekamatwa na kamba anashushwaje? Mtu anayening'inia kwenye hanesi bila kusogea, damu inatuama miguuni, na hali yake inaweza kuharibika ndani ya dakika chache. Zimamoto wanapatikana kwa namba 114, lakini kati yao na Mbande kuna Barabara ya Kilwa, na foleni yake haipishi kirahisi. Ngazi ndefu iwepo eneo la kazi, pawe na kamba ya akiba, na mtu wa pili ajue nani anafanya nini. Fundi anayefanya kazi peke yake na hanesi amejiandalia nusu tu ya tukio.

Hapa kwetu sheria ipo. Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi ni ya mwaka 2003, kanuni za sekta ya ujenzi zilitoka mwaka 2015, na msimamizi wake ni wakala wa OSHA. Mwaka huo huo wa 2015, Julai, Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ulianza kupokea michango ya waajiri. Kwenye kazi kama Daraja la Mfugale pale TAZARA, lililofunguliwa Septemba 2018, kuna mkandarasi na msimamizi ambao sheria inaweza kuwashika mkono. Kwenye kiwanja cha Chamazi kuna mwenye nyumba, fundi na makubaliano ya mdomo. Jengo la Kariakoo lilipoporomoka tarehe 16 Novemba 2024 na kuua watu wasiopungua 29, Waziri Mkuu alifika na kamati ikaundwa. Fundi mmoja akianguka kutoka kwenye kenchi, wanaofika ni ndugu zake.

Makubaliano yenyewe yana kasoro. Kupaua hulipwa kwa kazi nzima, si kwa siku, kwa hiyo kila dakika ya kuhamisha kamba au kupigilia kizuizi inatoka mfukoni mwa fundi. Mwenye nyumba anayetaka usalama inabidi autaje kwenye bei: jukwaa ni kiasi fulani, kamba na hanesi kiasi fulani, na mvua ya vuli au upepo wa kusi ukizidi kazi inasimama bila kugombana. Upepo si jambo dogo. Ukiingia chini ya bati la mita 3 unamvuta na aliyelishika.

Kuna kitu kingine ambacho ni rahisi kukifanya mapema na kigumu baadaye. Siku ya kumwaga zege la lenta, pete za chuma zinaweza kufungwa kwenye nondo za ndani kabla zege halijamiminwa, kila upande wa nyumba, kwa unene na kina atakachosema mhandisi. Baada ya hapo atakayepanda kufunga dishi, kufuta vumbi kwenye paneli za sola au kubadilisha bati lililotoboka atakuwa na mahali pa kufungia kamba.