Nguzo Zilizovikwa Henzirani

The Eyes of the Skin ni kitabu chembamba. Kilitoka 1996, na mwandishi wake, Juhani Pallasmaa, ni msanifu majengo wa Finland. Hoja yake ni moja, ila kaing'ang'ania kwelikweli: majengo ya kisasa yanachorwa yapendeze machoni, huku ngozi, pua na masikio yakiachwa na njaa.

Nimekipenda, na nina ugomvi nacho.

Kilinikamata kwa Alvar Aalto, Mfini mwenzake. Chukua Villa Mairea, nyumba aliyoimaliza 1939. Kanuni ya usasa wakati ule ilitaka nguzo zisimame kwa safu, kwa vipimo na sura ileile. Aalto akaivuruga makusudi. Hapa nguzo moja, pale mbili zimebanana, kwingine tatu. Na baadhi ya zile za chuma kazivika henzirani, pale mkono unapofika. Chuma ni baridi, na Finland ina baridi ya kutosha! Hiyo si mbwembwe. Au nenda Säynätsalo, kwenye jengo la halmashauri la 1952: unapanda ngazi za matofali, mwanga hafifu, halafu unaingia ukumbini na kukanyaga mbao. Sauti ya hatua zako inabadilika. Mwili unajua umefika mahali pa heshima hata kabla hujaona kiti cha mwenyekiti.

Ugomvi wangu ni huu: Pallasmaa anawategemea mno wasanifu wenye majina, kana kwamba ni wao tu wanaoweza kuturudishia hisia. Mbona Lamu hakuna jina la msanifu? Urefu wa boriti ya mkoko ndio uliopanga upana wa chumba. Matumbawe na chokaa vikatoa kuta nene, chumbani kukawa na ubaridi. Kwenye daka mgeni anakaa barazani, kivulini, kabla hajakaribishwa ndani. Mafundi wale hawakuvunja kanuni. Waliitii, na ngozi ikashiba.

Kwa hiyo mtu akiniambia jengo fulani "limevunja sheria", namuuliza: sheria ya nani? Ofisi ninayoandikia hapa Dar ina vioo juu hadi chini, na madirisha hayafunguki. Utii mtupu, ila kwa kanuni za nchi zenye baridi. Umeme ukikatika, dakika kumi nyingi. Wahariri wote tunahamia chini ya mwembe wa jirani, kompyuta mapajani.